"Hamira yapenda joto" na mengine ninayoambiwa kuhusu dabo IPA

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Muyeye alinijia na chupa mbili za dabo IPA, bia yenye kileo kingi na uchungu na harufu ya maua ya hopsi, aliyoipika mwenyewe, amezifunga kwa gazeti kama mayai. Nikafungua moja, nikanusa. Ndizi mbivu, na nyuma ya ndizi harufu ile ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nikaonja, koo likawaka. Kabla sijameza vizuri akauliza, "Umeisikia, fundi? Asilimia nane hiyo!"

Nikamuuliza ndoo aliiweka wapi wakati inachacha.

"Stoo, chini ya mabati. Si hamira yapenda joto?"

Sentensi hiyo nimeisikia jikoni kwangu, nimeisikia kwenye simu, na mara moja nimeisikia matangani, marehemu hata hajazikwa. Nimechoka kuijibu kwa mdomo. Leo naijibu kwa maandishi, na nyingine chache nitazigusa nikipita.

Hamira yapenda joto, sikatai. Mimi nami napenda viazi karai, lakini hakuna anayetaka kulala chumba kimoja nami nikishakula sahani tatu. Swali si hamira inapenda nini. Swali ni inatoa nini ikishashiba. Hamira nyingi za ale, jamii ya bia ilimo IPA, hutoa bia safi kwenye nyuzi 18 hadi 22. Ukizipeleka nyuzi 30 na kitu hazifi, zinakimbia, na zikikimbia hutema spiriti nzito, zile zinazochoma koo na kukugongea kichwa asubuhi, pamoja na esta zinazonuka ndizi na rangi ya kucha. Uharibifu mwingi hufanyika siku tatu za kwanza, hamira inapozaliana. Spiriti nzito zikishaingia haziondoki, hata ukiziweka kabatini hadi Krismasi.

Na dabo IPA ndiyo bia mbaya kuliko zote ya kuiachia joto. Woti yake, yaani maji matamu ya kimea kabla hayajachacha, ni nzito, inaanzia 1.070 hadi 1.085, na maji matupu ni 1.000. Sukari nyingi ni kazi nyingi, na kazi ya hamira huzaa joto lake yenyewe. Ndoo inayochacha kwa nguvu inaweza kuwa nyuzi 3 hadi 5 juu ya chumba kilichoiweka. Sasa piga hesabu ya Malindi wakati wa kaskazi, mwezi wa pili, chumba kiko nyuzi 30 mchana na usiku hakipoi cha kujivunia. Ndani ya ndoo ni 34. Watu hunibishia kwa kunionyesha kipimajoto cha ukutani. Ukuta hauchachi! Kibandike kwenye ubavu wa ndoo, ukifunike kwa kitambaa, kisha uje tuzungumze.

Kinachonikera zaidi ni ile fahari ya koo kuwaka. Watu wameamini kwamba kuchoma ndiko ushahidi wa asilimia. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa woti, ndiyo shahidi. Ikianza 1.075 ikaishia 1.013, una kama asilimia 8 ya kileo, iwe imekuchoma au haikukuchoma. Dabo IPA iliyochachwa vizuri huteleza. Mtu anamaliza glasi ya pili akidhani ni ya kawaida, halafu anatafuta miguu yake. Yako ikichoma, umeipika vibaya, basi.

Najua imani hii inatoka wapi, maana nimezaliwa nayo. Babu yangu alikuwa mgema, upande wa Ganda. Mnazi hauhitaji friji wala kipimajoto. Utomvu unaanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti, kwa hamira ya mwituni iliyomo chomboni. Asubuhi ni mtamu, jioni umekolea, kesho yake unaelekea kwenye siki. Kwenye mangwe, vile vilabu vya mnazi, hakuna anayeagiza mnazi wa wiki iliyopita. Joto ni sehemu ya kazi, na kwa kinywaji chepesi kinachonyweka siku ile ile, joto halina ubaya. Lakini huwezi kuchukua kanuni ya mnazi ukaitia kwenye bia nzito inayochukua wiki tatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanafunzi wangu wakisifiwa huliweka chini ya mabati.

Dawa yake? Friji, kabla hujanunua gramu moja zaidi ya hopsi. Hili nitalisema mpaka nizikwe. Watalii wakiondoka na mvua za Mei zikianza, hoteli hufunga, na zile friji za vinywaji zenye mlango wa kioo huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Kama kidhibiti chake kimekufa, fungia kidhibiti cha nje, kile cha kuchomeka ukutani chenye waya wa kupima joto, na waya huo uubandike kwenye ndoo, usiuache ukining'inia hewani. Anza nyuzi 18 au 19. Ikifika siku ya tano iachie ipande hadi 21 au 22 imalizie kazi. Stima ikikatika usiwe na wasiwasi, ndoo ya lita 20 haipati joto kwa saa moja.

Huna hela ya friji? Nunua karai kubwa la plastiki, simamisha ndoo ndani, jaza maji hadi nusu ya ubavu wake, tupia barafu. Wauza samaki wanayo. Badilisha asubuhi na jioni kwa siku nne za mwanzo. Baada ya hapo unaweza kulegeza. Ile mbinu ya kuviringisha leso iliyoloa na kuiwashia feni waachie watu wa bara, hewa yao ni kavu. Huku kwetu unyevu umejaa hewani, leso haikauki, inabaki imeloa tu mpaka inaota ukungu, na ndoo ndani yake inatokota vile vile.

Kuna mlango mmoja wa kutokea, na haki nikutajie. Norwei, nchi ya theluji, wakulima wamehifadhi hamira za shambani ziitwazo kveik. Ile ya Voss inafanya kazi nyuzi 35 hadi 40 na bia inatoka safi, na kiharufu cha ganda la chungwa kinachopatana na hopsi. Watu wa baridi kali ndio wenye hamira ya Malindi! Ukiipata, itumie bila woga. Lakini hiyo ndiyo desturi yake. Usichukue hamira nyingine yoyote ukaiambia iige.

Na vyovyote iwavyo, ukitumia hamira ya kawaida ya unga, pakiti moja ya gramu 11 haitoshi lita 20 za woti nzito. Tia mbili. Hamira chache zilizoelemewa hutema uchafu ule ule, hata kwenye ubaridi.

Ndugu ya dhana hiyo ni ile ya mapovu: "Yameisha, imeiva, natia chupani." Mapovu kuisha ni habari ya mapovu. Hamira iliyokimbizwa na joto inaweza kuchoka ikaacha sukari, ukaifungia, ikaamka ndani ya chupa na kuipasua. Na dabo IPA ina mtego wake wa pili. Hopsi unazotia ndoo ikiwa imepoa zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambayo hamira ilikuwa imeishindwa, na uchachaji huanza upya kimya kimya. Kwa hiyo pima kwa haidromita baada ya hopsi hizo, siyo kabla. Namba ikibaki ile ile siku tatu, tia sukari ya chupa, ile ya kuleta mapovu, gramu 6 kwa lita, ufunge. Asiyesadiki aende akaangalie dari la jikoni la mteja wangu mmoja wa Maweni.

Halafu kuna wanahistoria. Hawa utawapata zaidi upande wa Nguzo ya Vasco da Gama, jioni, wanaeleza kwamba IPA, yaani India Pale Ale, ilibuniwa iwe kali na chungu ili isiharibike melini kwenda India, na kwa sababu da Gama alichukua rubani hapa Malindi mwaka 1498 kwenda Calicut, basi bia hii ni kama ya kwetu. Da Gama aliitangulia bia hiyo kwa miaka mia mbili na zaidi. Bia nyepesi rangi iliyosifika India karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa ya Hodgson, kiwanda cha Bow, London, kilichokuwa karibu na bandari ya meli za East India Company. Hakuna ushahidi kwamba aliibuni kwa ajili ya safari. Tangu miaka ya 1760 wapishi wa Uingereza walikuwa wakishauriwa kuongeza hopsi kwenye bia yoyote iendayo nchi za joto, na porter, bia nyeusi, ilikwenda India pia ikafika salama. Kwa ukali, bia hiyo haikuwa ya ajabu kwa zama zake. Miaka ya 1820 wapishi wa Burton, mji wa Uingereza, Allsopp akiwa mbele, wakaingia wakamnyang'anya Hodgson soko.

Dabo IPA ni mtoto wa juzi. Vinnie Cilurzo aliipika kwenye kiwanda cha Blind Pig, Temecula, California, mwaka 1994, na mwenyewe amesema aliongeza kimea na hopsi akihofia mitambo yake mikuukuu ingeipa bia ladha mbaya. Haikupanda meli.

Nalisema hili kwa sababu hadithi ya meli ndiyo inayowafanya watu waiweke dabo IPA kabatini. "Kama ilistahimili miezi baharini, itanishinda mimi?" Bia za meli zile zilikusudiwa zikomae, harufu ya hopsi ikipungua hakuna aliyelia. Yako umeipika kwa ajili ya harufu hiyo. Kwenye joto letu inaanza kufifia ndani ya wiki chache, rangi inaelekea kahawia, na ukiwa umeimwaga kwa kelele wakati wa kuihamisha, oksijeni inakupa ladha ya boksi lililoloa. Ihamishe kwa mpira, ncha ya mpira ikiwa chini kabisa. Chupa za kahawia, friji, na umalize ndani ya miezi miwili. Anayetaka kuweka akiba aweke pesa.

"Nimetia hopsi gramu 300 na hainukii." Ulizichemsha zote, saa nzima. Kuchemsha kunageuza asidi za alfa zilizomo kwenye hopsi kuwa uchungu. Mafuta ya harufu yalipanda na mvuke, majirani ndio waliofaidi. Kwa lita 20 mimi natia gramu 30 za hopsi kali mwanzo wa mchemsho, nyingine 100 moto ukishazimwa na woti ikishashuka hadi nyuzi 80, zikae dakika 20, na 150 au zaidi kwenye ndoo mwishoni. Siku tatu tu. Ukiziacha wiki mbili utakunywa majani.

Juu ya maji, mteja mmoja msomi aliniambia kisima chake kina maji magumu kama ya Burton, kwa hiyo Mungu amempa maji ya IPA. Maji ya Burton yalisifika kwa jasi. Kisima chake kimechimbwa kwenye matumbawe, kina chokaa, na kwa kuwa bahari haiko mbali kina chumvi pia. Jasi hunyoosha uchungu wa hopsi, chokaa huukwaruza. Nilimwambia akinge maji ya mvua, atie kijiko kidogo cha jasi. Hakupenda, lakini bia yake sasa inanyweka.

Sukari si dhambi. Wako wanaoamini mpishi wa kweli hutumia kimea peke yake. Kwenye dabo IPA, sukari nyeupe ya dukani kiasi cha sehemu moja katika kumi ya vyote vinavyochacha huongeza kileo bila kuinenepesha bia. Ukikataa, utapata uji mchungu. Sukari guru nayo ni tamu sana, ila italeta rangi na ladha zake mwenyewe.

Hamira ya mkate: hapana.

La mwisho huwa haliulizwi na wapishi. Huulizwa na wazazi wao. Mama mkwe wa mteja wangu aliniita pembeni akaniuliza, "Mwanangu, hii haitawapofusha macho kama ile tunayoisikia redioni?" Kinachopofusha ni methanoli, na inayoua watu huwa imetiwa kwenye pombe kali na wauzaji wasio na haya. Bia ya kimea ikichacha kawaida hutoa methanoli kidogo mno, haimdhuru mtu. Nilimweleza hivyo, taratibu. Akaomba aonjeshwe kidogo, akakunja uso, akasema ni chungu kama mwarobaini, akarudi kwenye chai yake.