Je, wajua kwa nini jengo refu huonekana linaanguka kinyumenyume pichani?

Nina picha mbili za Jumba la Maajabu, Unguja, nilizopiga kabla sehemu ya jumba hilo haijaporomoka Desemba 2020. Ya kwanza niliipiga karibu na mlango, simu nimeielekeza juu ili mnara wa saa uingie. Jumba limeegemea nyuma kama mzee anayetafuta kiti, na nguzo zake za chuma zinasogeleana kadiri zinavyopanda. Nililaumu simu, kumbe mkosa ni mkono.

Ukisimama katikati ya reli, vyuma viwili huonekana kukutana kule mbele, maana kitu kikiwa mbali huonekana kidogo. Ukiinamisha simu kutazama juu, mambo ni yale yale: paa liko mbali na lenzi kuliko mlango, basi hutoka jembamba zaidi. Macho nayo huona hivyo, ila akili inajua kuta zimesimama, hatushtuki. Ukiishika simu wima, sambamba na ukuta, mistari hunyooka. Lakini hapo paa hukatika, na nusu ya picha inakuwa barabara tupu.

Wapiga picha za majengo wana lenzi inayosogezwa juu huku kamera yenyewe imetulia wima. Bei yake usiulize. Sisi wengine hurudi nyuma, hadi paa liingie bila kuinamisha simu.

Picha ya pili niliipiga alasiri, nikiwa Forodhani, bahari mgongoni. Jumba linatazama magharibi, kwa hiyo jua lilikuwa usoni pake. Limesimama wima, na haliko peke yake: kulia kuna Ngome Kongwe, mbele miti ya bustani na watu wanaopita. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Sultani Barghash alilijenga pale mwaka 1883, roshani zake zikielekea majini. Aliyekuja kwa jahazi alilipokea kwa macho kabla hajatia nanga. Picha ya mlangoni haikunionyesha hilo.

Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hakuna pa kurudi; mgongo unagusa ukuta wa jirani. Wembamba huo ndio unaoweka kivuli mchana. Huko siihangaikii nyumba nzima. Napiga mlango, baraza lake, na, wakiniruhusu, waliokaa juu yake wakicheza bao.