Uanagenzi wa maji hupimwa kwa masika

Mvua ikinyesha usiku kucha huko juu, asubuhi mto hufika kwenye mtambo wa kusafisha maji na rangi ya chai ya maziwa. Mwendesha mtambo aliyeingia zamu hakisii. Anapanga bika sita, vyombo vya kioo vya maabara, mezani, kila moja na lita moja ya maji ghafi, anazitia shabu, dawa inayokusanya tope kuwa madonge, kwa vipimo vinavyopanda: miligramu 20, 30, 40, hadi 70. Anakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole kwa robo saa au zaidi, halafu anaacha maji yatulie. Hapo jicho ndilo linalofanya kazi. Bika ya kwanza bado ina ukungu. Ya tatu ina madonge kama pamba iliyochambuliwa, yanashuka taratibu na kuacha maji ya juu yakiwa angavu. Ya sita imeanza kuwa na ukungu tena, kwa sababu shabu imezidi. Basi dozi ya siku ni miligramu 40 kwa lita, mpaka mto ubadilike.

Zoezi hili darasani linaeleweka kwa saa moja. Kulifanya saa kumi na moja alfajiri, huku mto ukigeuka na mji mzima unaanza kufungua mabomba, ni kitu unachojifunza ukiwa umesimama kando ya mtu aliyelifanya mara mia. Ndiyo maana taaluma ya kusafisha maji na majitaka inahitaji uanagenzi: kijana anakuwa chini ya mkataba, sehemu ya mafunzo anaipata chuoni na sehemu kubwa anaipata kazini, akiwa na mlezi anayejulikana kwa jina na daftari linalosainiwa kila ujuzi unapothibitika.

Wengi huuchanganya uanagenzi na fildi. Fildi, yaani mazoezi ya kazini ya mwanafunzi wa chuo, ni ya wiki chache, mara nyingi ndani ya msimu mmoja. Mimi naamini, na nimelisema kila penye kikao cha mitaala, kwamba mwanagenzi wa maji asipewe cheti kabla hajapitia masika moja na kiangazi kimoja kwenye mtambo uleule. Wakati wa kiangazi mto ni mtulivu na kila mtu anaonekana fundi. Nilipokuwa kijana, mtamboni tulikuwa na mwenzetu aliyefundishwa Agosti na Septemba tu. Usiku wa mvua ya kwanza ya Machi alinakili dozi ya jana yake. Kufikia asubuhi tope lilikuwa limeyaziba machujio ya mchanga, na tulishinda siku nzima tukiyaosha kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu huku wananchi wakiwa hawana maji. Hakuwa mzembe yule. Alikuwa hajaonyeshwa.

Hesabu nazo zisikutishe, ni za shule ya msingi, ila hazisamehe. Mtambo unaopitisha mita za ujazo 100 kwa saa, kwa dozi ile ya miligramu 40, unakula kilo 4 za shabu kila saa. Ukikosea nukta moja, unaweka kilo 40. Klorini ni hivyohivyo: inahitaji angalau dakika 30 ndani ya maji kabla hayajamfikia mnywaji wa kwanza, na maji yawe yameshatolewa tope, maana vijidudu hujificha ndani yake.

Upande wa majitaka vijana huukimbia kwa sababu ya harufu, na hapo wanakosea, kwani nafasi ziko na wanaozijua kazi zake ni wachache. Chukua mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti, Dar es Salaam. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, halina hewa, na bakteria humeng'enya taka humo. Yanayofuata ni ya kina kifupi, mwani hukua na kuyapa maji oksijeni kwa nguvu ya jua. Mlezi mzuri anamfundisha mwanagenzi kuyasoma kwa rangi: kijani kibichi ni afya, waridi au zambarau ni dalili kwamba bwawa limelemewa na taka.

Somo lisilo na mjadala ni chemba, yaani shimo la kushukia kwenye mabomba ya majitaka. Gesi ya majitaka hunuka kama yai viza, lakini ikizidi hulemaza pua, ukadhani imeondoka. Watu hufa wawili watatu kwa mpigo, kwa kuwa wa pili huingia kumwokoa wa kwanza. Hakuna kushuka bila kipima gesi, bila mkanda na kamba, bila mtu wa juu asiyeondoka. Mwanagenzi ana haki ya kukataa kushuka kama kimojawapo hakipo, na mlezi anayemlazimisha hafai kuwa mlezi.

Kwa Tanzania, njia za kuingia zinafahamika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, inafundisha ufundi bomba, umeme na mitambo, stadi ambazo kila mamlaka ya maji inazihitaji. Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, ambacho watu wa rika langu bado tunakiita Rwegarulila, kimekuwa kikifundisha mafundi sanifu wa maji tangu 1974. Na kwa ndugu zetu waliokwisha kufanya kazi hii miaka kumi bila karatasi yoyote, VETA inao utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Nendeni mkapimwe.

Kijana unayetafuta nafasi, siku ya kwanza mtamboni omba kuonyeshwa daftari la zamu la Aprili iliyopita. Tazama kama kiwango cha tope, dozi ya shabu na klorini iliyobaki vimeandikwa kila saa, usiku na mchana, na kama aliyeandika ametia saini. Kurasa zikiwa zimejaa, hapo utafundishwa kazi. Zikiwa tupu kuanzia saa sita usiku hadi asubuhi, muulize mlezi wako nani alikuwa zamu.