Bill Walsh hakuuzaa mfumo wake San Francisco

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na kijana ninayemfundisha ukwotabeki, yaani kazi ya mrusha pasi mkuu katika futiboli ya Kimarekani, kwamba kocha Bill Walsh alibuni Mfumo wa Pwani ya Magharibi, mtindo wake wa kushambulia, kule San Francisco, na kwamba ni mfumo wa pasi fupi za waoga. Makosa mawili kwa mkupuo mmoja.

Mfumo huo ulizaliwa Cincinnati, mbali na bahari yoyote, na ulizaliwa kwa shida. Mwaka 1969 Bengals, timu ya mji huo, walikuwa na Greg Cook, kwotabeki chipukizi wa pasi ndefu, lakini bega lake likaumia, na mwaka uliofuata Walsh, wakati huo msaidizi wa kocha mkuu Paul Brown, akabaki na Virgil Carter, mtu mwenye akili na shabaha ila mkono hafifu. Mpira usioweza kwenda mbali akauelekeza pembeni, kwa kuwa uwanja una upana wa yadi 53 na ushei, nao mabeki hawawezi kuuziba wote. Timu iliyokuwa imeshinda mara 1 na kupoteza mara 6 ikamaliza kileleni mwa kundi lake.

Hilo la uoga ndilo linalonikera zaidi. Pasi ya Walsh ilifungamanishwa na miguu ya kwotabeki: akirudi nyuma hatua tatu, mpokeaji fulani sharti awe anakata kona, akirudi tano, ni zamu ya njia nyingine, na wa kwanza akizibwa, jicho lihamie kwa wa pili, kisha wa tatu, kwa utaratibu uliorudiwa mazoezini hadi kuchosha. Mara nyingi mpira huondoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka, ili umkute mbioni na yadi zaidi zivunwe baada ya kudaka. Mwoga gani hurusha mpira mahali ambapo bado hapana mtu?

Mengine yanajulikana: Brown alipostaafu alimpa ukocha mtu mwingine, Walsh akaondoka na kinyongo, akapitia San Diego na Chuo Kikuu cha Stanford, akachukua 49ers, timu ya San Francisco, mwaka 1979, akashinda mechi 2 kati ya 16, na msimu wa tatu akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, kwa kuwafunga, nani tena, Bengals, 26 kwa 21. Baadaye akaongeza mbili.

Nakiri kwamba kila nikijaribu kutenganisha kipaji cha Walsh na cha Joe Montana, kwotabeki wake wa 49ers aliyechaguliwa raundi ya tatu ya uteuzi wa wachezaji wapya, nashindwa. Lakini Carter hakuwa Montana, na mwaka 1971 aliongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizodakwa: 62.2.