Eti mchoraji wa kweli haangalii kitu?

Vijana hapa Kampala wananiambia, mzee, mchoraji wa kweli anatoa kichwani, ukiangalia kitu umeibia. Jamani si kweli kabisa! Nimechora picha za vitabu vya watoto zaidi ya miaka 40 na bado naenda kumtazama ng'ombe wa Ankole kabla sijashika penseli, maana kichwa kinakumbuka jina, umbo kinasahau. Juzi mjukuu wangu alichora korongo taji wa bendera yetu miguu yote iko chini, tukacheka mpaka chai ikapoa, nikamwonyesha bendera: mguu mmoja umeinuliwa! Na hao wanaochora bila kuangalia, walishaangalia mara elfu huko nyuma. Angalia, chora, funika, chora tena, halafu linganisha.