Bunge Lisipokaa, Nani Anaamua? Vikao vya New Hampshire Wakati wa Korona

Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, shule hufungwa, ibada husitishwa, na wananchi huona ni jambo la kawaida bunge nalo likiahirisha vikao vyake. Serikali, hata hivyo, haiahirishwi. Fedha zinaendelea kutumika na amri zinaendelea kutolewa, tena kwa kasi kuliko siku za kawaida, isipokuwa anayezitoa sasa ni mtu mmoja na hakuna anayesimama ukumbini kumuuliza swali. Kwa sisi ambao kazi yetu ni taratibu za mabunge, swali la kwanza katika janga lolote huwa hili: bunge litakaaje, na likikaa, maamuzi yake yatakuwa halali?

Mwaka 2020 majimbo ya Marekani yalilijibu kwa namna nyingi. Arkansas ilihamishia Baraza lake la Wawakilishi kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu mjini Little Rock. Virginia ilitandika viti chini ya turubai nje ya bunge. Nimechagua kuzungumzia New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini mashariki lenye watu kama milioni 1.4, kwa sababu pale karibu kila tatizo linaloweza kulikumba bunge katika janga lilijitokeza, na mengi yake yameandikwa kwenye kumbukumbu za vikao na za mahakama.

Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina wajumbe 400. Hakuna bunge la jimbo jingine Marekani lenye baraza kubwa kiasi hicho. Malipo yao ni dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa kwenye katiba ya jimbo mwaka 1889 na ambacho hakijaongezwa tangu hapo. Mtu mwenye ajira ya kutwa na watoto wa kusomesha hawezi kirahisi kuifanya kazi hiyo, kwa hiyo viti vingi vinakaliwa na wastaafu. Ukumbi wao uko mjini Concord na wameutumia tangu 1819. Viti vimepangwa safu kwa safu, bega kwa bega, na siku ya kupiga kura watu hukaa humo kutwa nzima. Kwa ugonjwa unaoenea kwa pumzi na kuua wazee zaidi, hatari ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Katikati ya Machi 2020 shughuli za Bunge zilisimamishwa. Machi 13 Gavana Chris Sununu alitangaza hali ya dharura. Sheria ya jimbo wakati huo ilisema hali hiyo hudumu siku 21, kisha gavana anaweza kuiongeza, na haikumwekea kikomo cha mara ngapi. Aliiongeza mara kwa mara hadi Juni 2021. Sheria hiyohiyo iliruhusu Bunge kuifuta hali ya dharura kwa azimio la mabaraza yake yote mawili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, kwa kura ya walio wengi. Ila ili kupitisha azimio lazima ukae, na kukaa ndiko kulikokuwa kumeshindikana.

Jambo hilo halikuwa la nadharia tu. Serikali ya Marekani ilipoyagawia majimbo fedha za kukabiliana na korona, New Hampshire ilipata dola bilioni 1.25. Gavana alianzisha ofisi yake ya kuzisimamia na kushikilia kwamba katika dharura haimlazimu kupata kibali cha kamati ya fedha ya Bunge. Viongozi wa Bunge, ambao wakati huo walikuwa wa chama cha Democratic huku gavana akiwa Republican, walikwenda mahakamani mwezi Aprili. Jaji aliitupilia mbali kesi yao kwa hoja kwamba hawakuwa na sifa ya kisheria ya kuifungua. Sisemi fedha zile zilitumika vibaya. Ninachosema ni kwamba uamuzi ambao kwa kawaida ungejadiliwa mbele ya watu, na kila mjumbe akawekwa kwenye kumbukumbu kwa jina lake na kura yake, ulifanyika bila hatua hiyo.

Hapa ndipo akidi inapoingia. Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe wanaopaswa kuwepo ili kikao kiwe halali. Kenya, kwa ibara ya 121 ya Katiba, Bunge la Taifa linahitaji wajumbe 50 tu na Seneti 15. Tanzania, kwa ibara ya 94, inahitajika nusu ya wabunge wote. Katiba ya New Hampshire, iliyoanza kutumika mwaka 1784, inataka zaidi ya nusu ya wajumbe, yaani 201 baraza likiwa limejaa. Kisha inaongeza sharti ambalo watu wengi hulipita bila kuliona: waliohudhuria wakipungua theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 267, hakuna uamuzi unaokuwa halali mpaka theluthi mbili ya waliohudhuria waukubali. Maana yake, katika janga, kila mzee anayebaki nyumbani kwa kuogopa kufa anaongeza nguvu ya walio wachache kuzuia jambo lolote. Wajumbe 100 wakiugua kwa pamoja, na wengine 40 wakiogopa, kanuni zote za mchezo zinabadilika bila mtu yeyote kuzigusa.

Juni 11, 2020 Baraza lilikutana nje ya Concord, kwenye uwanja wa ndani wa magongo ya barafu wa Chuo Kikuu cha New Hampshire mjini Durham. Nafasi ilitosha watu kukaa mbali mbali. Tatizo likawa tarehe. Kanuni za Baraza zilikuwa zimeweka siku za mwisho za kushughulikia miswada, na siku hizo zilipita milango ikiwa imefungwa. Kuzisogeza mbele kulihitaji theluthi mbili ya kura. Walio wachache walikataa, na rundo la miswada iliyokwisha kusikilizwa kwenye kamati likafa siku hiyo. Kukataa ilikuwa haki yao. Hata hivyo, ninaona ni kasoro kubwa kwamba kanuni hazikuwa na kifungu cha kusimamisha saa wakati Bunge lenyewe limezuiwa kukaa. Seneti ilijaribu kuokoa kilichobaki kwa kukusanya miswada mingi ndani ya muswada mmoja, na mwishoni mwa Juni Baraza likarudi Durham kuipigia kura mafungu hayo. Mwananchi aliyetaka kujua mjumbe wake alikuwa na msimamo gani juu ya jambo moja mahsusi alibaki na kura moja juu ya mambo kumi.

Mwezi Septemba Baraza liliiomba Mahakama ya Juu ya jimbo ushauri: je, kukutana kwa njia ya mtandao, na kuhesabu akidi kwa njia hiyo, ni kuvunja katiba? Majaji walijibu Novemba 2020 kwamba si kuvunja. Katiba inataka wajumbe wawepo kwa idadi fulani, lakini haisemi lazima wawe chumba kimoja, na namna ya kuendesha vikao ni juu ya Baraza lenyewe kujipangia. Lilikuwa jibu zuri na la wazi. Lakini lilitoa ruhusa tu, halikumlazimisha mtu.

Uchaguzi wa Novemba uliwapa Republican wingi katika mabaraza yote mawili. Mwezi huohuo wawakilishi wao walikutana ndani ya jengo kuchagua viongozi, na baadaye wajumbe kadhaa wakapimwa na kukutwa na virusi. Desemba 2 Baraza zima lilikutana nje, uwanjani Durham, katika baridi ya msimu ule. Baadhi ya wajumbe, waliposikia habari za maambukizi, hawakwenda. Siku hiyo alichaguliwa Spika mpya, Dick Hinch wa mji wa Merrimack. Desemba 9 alifariki akiwa na umri wa miaka 71. Uchunguzi wa kitabibu ulithibitisha kuwa ni korona. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho wiki moja tu.

Januari 6, 2021 kikao kilifanyika kwenye maegesho ya magari ya chuo kilekile. Kila mjumbe alibaki ndani ya gari lake, akisikiliza mjadala kwenye redio ya gari na kupiga kura kwa kifaa cha mkononi. Hapo ndipo Sherman Packard alipochaguliwa kuwa Spika. Pendekezo la kuruhusu wajumbe kushiriki kwa mtandao lilikataliwa na walio wengi. Mwezi uliofuata vikao vilihamia ndani ya jengo la michezo mjini Bedford, na asiyefika alihesabiwa kuwa hayupo.

Kiongozi wa Democratic katika Baraza, Renny Cushing, alikuwa na saratani. Yeye na wenzake kadhaa wenye maradhi mazito walimshtaki Spika kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda watu wenye ulemavu. Hawakudai mjadala usogezwe wala kura irudiwe. Waliomba tu kushiriki kwa mtandao ili wasiwekwe kwenye hatari ya kufa kwa sababu ya kuwawakilisha watu wao. Anayetaka kuelewa uzito wa ombi hilo akumbuke mwaka 2019. Cushing ndiye aliyeongoza juhudi za kufuta adhabu ya kifo katika jimbo hilo, ingawa baba yake mwenyewe aliuawa mwaka 1988. Gavana aliipinga sheria hiyo, Bunge likalazimika kupata theluthi mbili ili kumpita, na Baraza likapata kura 247 dhidi ya 123. Mmoja tu wa waliokubali angepiga kura ya kukataa, sheria isingepita. Katika bunge la namna hiyo, kumwacha mtu mmoja nje ya mlango si jambo dogo.

Jaji wa kwanza alikataa ombi lao mwezi Februari 2021 akisema Spika anapotekeleza kanuni za Baraza ana kinga ya kibunge, yaani hawezi kushtakiwa kwa kazi hiyo. Aprili jopo la mahakama ya rufaa lilitengua uamuzi huo. Kisha majaji wote wa mahakama hiyo wakasikiliza upya, na Machi 2022 wakarudi pale pale pa mwanzo: ni kinga. Cushing alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwezi huohuo.

Naielewa hoja ya kinga na sitaki idharauliwe. Mahakama zikianza kuwapangia wabunge nani akae wapi na apige kura vipi, kesho zitawapangia wajadili nini. Mgawanyo wa madaraka unailinda kazi hiyo kwa sababu nzuri. Ndiyo maana ninashikilia kwamba suluhisho lilipaswa kutoka ndani ya kanuni za Baraza, na lilipaswa kuwekwa kabla ugonjwa haujafika. Wisconsin ilikuwa imefanya hivyo. Tangu muongo uliotangulia ilikuwa na sheria ya kuruhusu vikao vya mtandao wakati wa dharura, na Aprili 2020 ilipoihitaji kwa mara ya kwanza, kifungu kilikuwepo. Hakuna aliyelazimika kubishania kanuni huku wenzake wakiugua. Mississippi, kwa upande mwingine, walikutana ndani ya jengo la bunge mwezi Juni. Kufikia siku za mwanzo za Julai wabunge 26 walikuwa wamethibitika kuambukizwa, akiwemo Spika, na pamoja nao watumishi 10. Nawataja watumishi kwa makusudi. Makatibu, wahudumu wa ukumbi na waandishi wa taarifa rasmi hawapigi kura juu ya namna kikao kitakavyoendeshwa, ila wanavuta hewa ileile.

Kuna upande wa habari hii unaonipa moyo. Wakati Baraza la New Hampshire likigoma kupiga kura kwa mtandao, kamati zake mwanzoni mwa 2021 zilisikiliza wananchi kwa njia hiyohiyo. Kule, kila muswada lazima upewe siku ya kusikilizwa hadharani na kisha upigiwe kura, kwa hiyo kazi ya kamati ni kubwa. Mkulima wa kaskazini kabisa mwa jimbo, ambaye kufika Concord na kurudi kulimgharimu siku nzima barabarani, aliweza kutoa maoni yake akiwa jikoni kwake. Mjumbe mgonjwa naye alimsikiliza, akauliza maswali, akajadiliana na wenzake. Siku ya kura ya mwisho mjumbe huyohuyo akawa hayupo. Hoja ya teknolojia ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa hoja ya kama wenzake wanataka awepo.

Wananchi hutuuliza wataonaje mambo kama haya kwenye bunge lao au baraza lao. Njia rahisi ni kusoma kumbukumbu za kikao cha siku moja, bila kuruka. Za New Hampshire huanza na sala na kiapo cha bendera, halafu orodha ya walioomba ruhusa ya kutokuwepo, kila jina na sababu yake kwa ufupi: ugonjwa, shughuli muhimu, ugonjwa katika familia. Soma orodha hiyo kwanza, kisha ilinganishe na ya miezi michache iliyopita. Nenda kwenye kura zilizopigwa kwa kuitwa majina, ujumlishe ndiyo na hapana, utoe kwenye idadi ya wajumbe wote. Tofauti ikiwa kubwa kuliko orodha ya ruhusa, muulize mjumbe wako alikuwa wapi, na kama alibaki nyumbani kwa kuhofia uhai wake, muulize ni kanuni ipi iliyomzuia kushiriki na ni nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha.