Mauaji yalitokea. Sasa thibitisha ni huyu

Nimeulizwa tena. Safari hii ni mtu aliyemaliza kutazama Black Earth Rising, ile tamthilia ya Hugo Blick kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ambayo BBC waliirusha mwaka 2018 kabla haijaingia Netflix. Swali lake ni lilelile ninalotupiwa tangu enzi za ICTR, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, hapa Arusha: "Wakili, watu zaidi ya laki nane wameuawa, jamaa alikuwa kanali, mnataka ushahidi gani tena?" Akafuatisha la pili, ambalo halikosi kuja nyuma ya la kwanza: "Na hao walioachiwa, ina maana mahakama imesema hawakuua mtu?"

Kwa asiyenijua, nilikuwa upande wa utetezi, kwenye timu zilizokuwa zikipanda na kushuka ngazi za AICC, jengo la mikutano ambamo mahakama ilikaa, na maboksi ya mafaili. Ndiyo, ni mmoja wa wale "wanaotetea wauaji". Hilo limekwisha, tuendelee.

Na tamthilia yenyewe sina ugomvi. Michaela Coel anaigiza vizuri sana. Ugomvi wangu ni na imani ambayo tamthilia za aina hii huipanda bila kuitamka: kwamba kuna siri imefichwa mahali, faili, kaseti, au shahidi aliyebadilisha jina, na siku ikifichuka basi kesi imekwisha. Wanasheria kazi yao ni kuitafuta tu.

Hakuna siri ya namna hiyo. Kwamba Watutsi waliuawa kwa maelfu, kila aliyemo chumbani anajua, mshitakiwa akiwemo. Tarehe 16 Juni 2006, katika kesi ya Karemera, majaji wa rufaa wa ICTR walitamka kwamba mauaji ya kimbari nchini Rwanda ni jambo linalojulikana kwa wote, halihitaji tena kuthibitishwa. Mtu wa kawaida angedhani kuanzia siku ile kesi zingekwenda mbio. Hukumu ya kesi hiyohiyo ya Karemera ilisomwa Desemba 2011.

Kesi haiko kwenye makaburi. Iko katikati, kati ya kijana aliyeshika panga kwenye kizuizi cha barabarani na mkubwa aliyevaa suti au gwanda mbali na pale. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe kinachowaunganisha hao wawili, kizuizi kwa kizuizi, tarehe kwa tarehe, pasipo kuacha shaka ya msingi. Cheo peke yake hakiunganishi kitu. Na hakuna baraza la wazee kumi na wawili, kama kwenye filamu, wa kuwaliza kwa hotuba ya kufunga kesi. Kuna majaji watatu wenye kalamu, na ukikata rufaa wanakuwa watano, nao watataka kujua namba ya kielelezo.

Sasa nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo uvumilivu wangu huisha.

Kanali Théoneste Bagosora alikuwa mkuu wa ofisi ya waziri katika Wizara ya Ulinzi ya Rwanda. Yeye na maofisa wengine watatu walianza kusikilizwa Aprili 2002, na hukumu ikatoka tarehe 18 Desemba 2008: hatia ya mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita, kifungo cha maisha. Lakini katika shitaka la kula njama ya kutenda mauaji ya kimbari, wote wanne hawakukutwa na hatia. Mmoja wao, Gratien Kabiligi, aliachiwa kwa mashtaka yote.

Basi tangu siku ile nimekuwa nikiwasikia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakanushaji, ambao hushangilia: mnaona, hata mahakama ya Umoja wa Mataifa imekiri hakukuwa na mpango! Wa pili ni watu wema kabisa, ambao hukasirika: mahakama imekana kuwa kulikuwa na mpango! Hawa hawapikiki chungu kimoja, ila wana jambo moja sawa: hawajaisoma hukumu.

Majaji walisema nini? Upande wa mashtaka uliijenga njama hiyo kwa ushahidi wa mazingira. Wanamgambo walifundishwa, silaha ziligawiwa, orodha za majina ziliandikwa, maneno ya vitisho yalisemwa. Majaji hawakuyatupa hayo. Walikubali kwamba yanalingana na mpango wa kuwaua Watutsi. Tatizo ni kwamba yalilingana pia na maandalizi ya vita na ugomvi wa madaraka dhidi ya waasi wa RPF, na wakati ule vita vilikuwapo kweli. Ushahidi wa mazingira ukiacha maelezo mengine yenye mantiki, jaji amefungwa mikono, hata kama moyoni anaamini lile la kwanza. "Hakukuwa na mpango" ni habari nyingine. Wao walisema mpango wa kabla ya tarehe 7 Aprili 1994 haukuthibitishwa dhidi ya watu hawa wanne kwa ushahidi huu ulioletwa. Ondoa kipande kimoja cha sentensi hiyo na umeshasema uongo.

Kama unataka njama, mahakama hiyohiyo inazo. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya mpito, alikiri makosa tarehe 1 Mei 1998, njama ikiwemo. Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri, alikutwa na hatia ya njama mwaka 2011. Mshitakiwa mwingine, ushahidi mwingine, jibu jingine. Hakuna mgongano wowote hapo, ila jaribu kulieleza hilo kwa mtu ambaye amekwisha kuandika "AIBU" kwa herufi kubwa.

Halafu wachache hufuatilia kilichotokea kwenye rufaa. Desemba 2011 adhabu ya Bagosora ilishuka hadi miaka 35, na sehemu ya hatia yake ikabadilika sura: kwa mauaji ya vizuizini Kigali, kwamba yeye ndiye aliyeamuru kulifutwa, akabaki anawajibika kama mkubwa aliyeshindwa kuzuia. Kwa mtazamaji ni yaleyale. Kwetu ni kesi mbili tofauti kabisa.

Kumtia mkubwa hatiani kwa njia hiyo ya pili kunataka mambo matatu: awe aliwadhibiti wahusika kweli, si kwenye karatasi tu, awe alijua au alikuwa na sababu ya kujua, na asichukue hatua za lazima na za kadiri kuzuia au kuadhibu. Mawili ya kwanza yana magumu yake, tuyapite. La tatu ndilo linaloninyima usingizi.

Jean-Pierre Bemba, Mkongo, aliwatuma askari wa kundi lake la MLC wavuke mto Ubangi kumsaidia Rais Ange-Félix Patassé wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 2002 na 2003. Waliua, wakabaka, wakapora. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimtia hatiani tarehe 21 Machi 2016 na kumfunga miaka 18. Tarehe 8 Juni 2018 majaji wa rufaa, watatu kwa wawili, wakamwachia. Wale watatu hawakusema ubakaji huo haukutokea. Walisema majaji wa kwanza hawakuzingatia vya kutosha kwamba alikuwa kamanda wa mbali, askari wake wakiwa nchi ya watu, na kwamba zile hatua alizochukua (tume, kesi za baadhi ya askari, barua) zilipimwa kwa nia yake badala ya uwezo wake.

Kama mtetezi ningepaswa kupiga makofi. Nilipiga la mkono mmoja. Ikiwa kukaa ng'ambo ya mto kunapunguza wajibu, basi mbabe wa kesho amekwisha kuelekezwa pa kujenga. Lakini nikigeuka upande wa pili: ukimfunga mtu kwa kuwa hakufanya vya kutosha, bila kumwambia vya kutosha ni vipi, umemfunga kwa cheo chake. Nimesoma maoni ya pande zote mbili. Asubuhi nakubaliana na wale watatu, jioni na wale wawili. Waathirika zaidi ya 5,000 walioshiriki kesi ile hawana anasa hiyo ya kubadilisha mawazo.

Mengine nayapitia haraka. ICC haiwezi kugusa ya 1994, mamlaka yake yanaanzia tarehe 1 Julai 2002. Haina polisi: Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati ule, akiwa na hati ya kukamatwa ya tangu Machi 2009, alihudhuria sherehe za katiba mpya Nairobi Agosti 2010 na akarudi kwake salama. Na mtoro akikamatwa si mwisho wa hadithi. Félicien Kabuga, tajiri aliyeshitakiwa kwa kufadhili mauaji ya Rwanda, alikamatwa jirani na Paris Mei 2020, kesi ikaanza Septemba 2022, na mwaka uliofuata ikasimamishwa kwa muda usiojulikana kwa kuwa afya yake ya akili haikumruhusu kushitakiwa. Hakutiwa hatiani, wala hakuachiwa kwa hukumu.

Mashahidi sasa. Kwenye runinga wakili anarusha swali, shahidi anatetemeka, wakili anarusha jingine. Arusha, hasa miaka ya mwanzo, swali la Kiingereza lilipita kwenye Kifaransa, likaingia Kinyarwanda, na jibu likarudi njia ileile. Shahidi uliyedhani umemkamata alikuwa na muda wa kutosha kunywa maji. Katika kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, majaji walilazimika kumsikiliza mtaalamu wa lugha ili wajue shahidi anaposema jambo, aliliona au alisimuliwa. Na kesi ya kwanza kabisa ya ICC, ya Thomas Lubanga, mbabe wa kivita wa Kongo, Januari 2009: shahidi wa kwanza alipanda kizimbani na kusema aliyoyaeleza mwanzo alifundishwa. Baadaye alirudi kutoa ushahidi, lakini kwenye hukumu majaji hawakumtegemea. Lubanga alitiwa hatiani kwa ushahidi mwingine.

Je, kumbukumbu ya mtu aliyejificha kwenye mtama mwaka 1994 inafaa kupimwa kwa tarehe na saa mwaka 2005? Nimejenga maswali ya kumdodosa shahidi juu ya tofauti ya siku mbili, na yakafanya kazi. Bado sijui kama yalionyesha uongo au yalionyesha tu kwamba binadamu hana kalenda kichwani.

Tukio la kweli la mahakamani lililobadilisha sheria halikuhitaji faili la siri. Jean-Paul Akayesu hakuwa ameshitakiwa kwa ubakaji. Mwaka 1997 mwanamke aliyekuwa akieleza mengine alitaja yaliyompata binti yake, majaji wakauliza zaidi, akaja shahidi mwingine, na Juni hati ya mashtaka ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ubakaji ukatambuliwa kuwa njia ya kutenda mauaji ya kimbari. Maswali tu, na mtu aliyekuwa tayari kusikiliza jibu.

Sasa swali la pili la msomaji wangu, la walioachiwa. ICTR ilishitaki watu 93. 62 walihukumiwa kifungo, 14 waliachiwa. Hukumu ya kuachiwa inasema haikuthibitishwa, basi. Haimpi mtu cheti cha usafi, na haifuti kaburi lolote. Binafsi, kuhusu baadhi yao nina maoni, na maoni yangu hayana namba ya kielelezo.

Lakini serikali za dunia huisoma kama msomaji wangu anavyoisoma. Baadhi ya walioachiwa waliishi miaka mingi katika nyumba hapa Arusha kwa kuwa hakuna nchi iliyowataka. Desemba 2021 wanane, wakiwemo waliomaliza vifungo vyao, walipelekwa Niger kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa. Kabla mwezi haujaisha, Niger ikaamuru waondoke, na hawakuwa na pa kwenda.