Kukata sailensa hakuongezi nguvu ya injini

Vijana wengi wenye Vitz au Probox huamini kwamba ukikata sailensa na kufunga bomba pana, gari linapata nguvu. Kinachoongezeka ni kelele, na sikio hudanganyika kirahisi.

Tuchukue injini ya Toyota 1NZ-FE, inayopatikana kwenye baadhi ya magari hayo, ya silinda 4 na cc 1,497. Nguvu yake, kama farasi 105 hadi 110, inatokana na hewa inayovuta na kuichoma pamoja na petroli. Bomba la kiwandani linatosha kutoa moshi wa kiasi hicho. Tena moshi hautoki mfululizo; hutoka kwa mikupuo, kila vali ya kutolea moshi inapofunguka. Mkupuo unaopita kwa kasi huacha nyuma yake mgandamizo mdogo wa hewa, na huo husaidia kuvuta moshi uliobaki ndani ya silinda. Bomba likiwa pana mno, kasi hiyo hufa, na injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, hasa unapoanza kupanda mlima, gari huzubaa.

Wapo wanaojibu kwamba injini inataka moshi uzuiliwe kidogo. Nao wamekosea: inachotaka ni kasi ya moshi, na kizuizi hakileti faida yoyote.

Bomba pana lina maana pale hewa inayoingia imeongezwa, kwa turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) au kamshafti (mhimili unaofungua vali) inayozifungua vali kwa upana au muda mrefu zaidi, huku kompyuta ya injini ikipangwa upya ili petroli iendane na hewa. Na kabla ya yote hayo, breki zikaguliwe.